Tathmini ya huduma ya usomaji wa pili wa sampuli za ngozi zinazoshukiwa kuwa na limfoma

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya usomaji wa pili wa sampuli za ngozi. Kipande cha ngozi ambacho maabara ya kwanza imekisoma na kukiandikia maneno ya wasiwasi kuhusu limfoma, yaani saratani ya seli za limfu, hupelekwa kwa jopo la wanapatholojia (madaktari wanaochunguza vipande vya mwili kwa hadubini) waliobobea katika ngozi ili wakitazame upya na kutoa maoni yao kwa maandishi. Nimeitumia nikiwa daktari wa ngozi anayeonana na wagonjwa, na nimeitumia kwa muda wa kutosha kuona yaliyowapata baadaye wale ambao jopo liliwaandikia kwamba hawana saratani. Jina la huduma sitalitaja, kwa kuwa ninayo malalamiko pamoja na sifa, na kwa kuwa vigezo nilivyovitumia vinafaa kupimia huduma yoyote ya aina hii.

Niseme mapema kwamba ninaipendekeza. Sababu yangu kubwa ni kwamba jopo hili halikubali kusoma slaidi, yaani kioo chenye tabaka jembamba la kipande cha ngozi, peke yake bila kujua habari za mgonjwa, na katika magonjwa ya ngozi yanayoiga limfoma msimamo huo ndio unaotenganisha jibu la kutegemewa na jibu la kubahatisha.

Msomaji asiye wa fani hii anahitaji kwanza kuuelewa ugumu wenyewe. Ngozi inapochokozwa na kitu, iwe mate ya mdudu, wino, dawa au kimelea, mwili hupeleka limfosaiti (seli nyeupe za kinga) mahali hapo, na mara nyingine seli hizo hukusanyika kwa wingi na kwa mpangilio unaofanana mno na ule wa limfoma, hata anayezitazama kwa hadubini ashindwe kuzitofautisha kwa macho tu. Hali hiyo huitwa psudolimfoma, au limfoma bandia. Mgonjwa huja na kinundu kimoja usoni, sikioni, kifuani au mkononi, au na mabaka yaliyoenea; hana homa, hajakonda, na afya yake kwa jumla ni njema, ila karatasi ya maabara aliyoishika inasema kwamba kuna mkusanyiko wa limfosaiti usio wa kawaida na kwamba limfoma haiwezi kukanushwa. Hatari iko pande zote mbili, kwani mwenye psudolimfoma anaweza kupewa mionzi au dawa za saratani asizozihitaji, na mwenye limfoma halisi iliyo katika hatua za mwanzo anaweza kutibiwa ukurutu kwa miaka mingi.

Ubora wa huduma hii huanza kuonekana kwenye fomu ya maombi. Ni ndefu, na daktari mwenye haraka huiona kero, lakini kila swali lililomo lina kazi yake. Inauliza dawa zote ambazo mgonjwa ametumia katika miezi iliyopita, pamoja na zile ambazo yeye mwenyewe hazihesabu kuwa dawa. Swali hilo lina historia ndefu: tangu 1959 ilielezwa katika maandishi ya kitabibu kwamba dawa za kifafa zinaweza kuvimbisha tezi za limfu kwa namna inayofanana na limfoma, na fenitoini na kabamazepini bado ni kati ya dawa za kwanza kushukiwa. Orodha imeongezeka tangu wakati huo, na sasa zimo baadhi ya dawa za shinikizo la damu, za mzio na za sonona. Upele wa namna hii unaweza kuanza wiki kadhaa au miezi kadhaa baada ya dawa kuanza kutumika, na ndiyo maana mgonjwa mwenyewe huwa hauhusishi na kidonge alichokwisha kukizoea. Fomu inaonya pia, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba dawa ya kifafa isisimamishwe na mgonjwa wala na daktari wa ngozi peke yake bila kushauriana na anayemtibu kifafa, kwa sababu degedege linaweza kuua ilhali kinundu cha ngozi kinaweza kusubiri. Onyo hilo limenifurahisha sana, kwa maana ni maabara chache zinazomfikiria mgonjwa mzima kiasi hicho.

Fomu haiishii kwenye dawa. Inauliza kuhusu tatuu na rangi zake, kwa kuwa wino mwekundu, hasa ule wa zamani uliotengenezwa kwa chumvi za zebaki, ni mchokozi anayejulikana wa psudolimfoma. Inauliza kuhusu kutobolewa masikio, chanjo na sindano za kutibu mzio, kuumwa na wadudu, na upele wa utitiri, ambao huacha vinundu vinavyowasha kwenye makwapa, kinenani na sehemu za siri kwa miezi mingi hata baada ya utitiri wenyewe kufa. Inauliza kama mgonjwa amewahi kuishi au kusafiri mahali penye kupe wanaobeba bakteria aina ya Borrelia, kwa sababu bakteria hao husababisha kinundu laini chenye rangi ya zambarau kwenye ndewe la sikio, chuchu au mfuko wa korodani, ambacho mtaalamu wa Sweden, Bo Bäfverstedt, alikiingiza mwaka 1943 katika kundi alilolieleza kuwa la uvimbe usio hatari wa limfosaiti za ngozi, karibu miaka 40 kabla bakteria wenyewe hawajagunduliwa. Kinundu hicho hupona kwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria. Fomu inauliza pia kuhusu mkanda wa jeshi uliopita mahali hapohapo, hali ya VVU na kipimo cha damu cha kaswende. Swali hili la mwisho lisipuuzwe na yeyote, kwani kaswende ya hatua ya pili inaweza kuiga karibu kila kitu kwenye ngozi, ikiwemo limfoma, na kipimo chake ni rahisi kuliko vipimo vingine vyote nitakavyovitaja hapa.

Jopo hudai picha za ngozi, moja ya karibu na moja inayoonyesha mwili mzima, na sampuli isiyo na picha husubiri hadi picha zifike. Wapo wenzangu waliolalamika kuhusu sharti hili. Mimi naliunga mkono bila kusita, kwa sababu kinundu kimoja kilichotokea ghafla shavuni na mabaka yenye mikunjo laini yaliyokaa kwenye matako na kiuno kwa miaka mitano vinaweza kutoa slaidi zinazokaribiana sana, wakati ugonjwa wa kwanza unaweza kuwa wa kupita na wa pili ukawa mikosisi fungoidesi, limfoma ya ngozi iliyoelezwa na daktari Alibert nchini Ufaransa mwaka 1806 na ambayo jina lake lingali likiwapoteza watu wakidhani ni fangasi.

Kwa upande wa sampuli yenyewe, maelekezo yao ni ya busara. Krimu za steroidi zisimamishwe kwa wiki 2 hadi 4 kabla ya kukata, kama mgonjwa anaweza kuvumilia, kwa maana steroidi hufukuza limfosaiti na kuacha slaidi isiyosema kitu. Mabaka yachukuliwe sampuli zaidi ya moja kutoka sehemu tofauti. Kinundu kikatwe kwa kina hadi kwenye mafuta ya chini ya ngozi, kwa kuwa kipande kifupi hakimwonyeshi msomaji kama seli zimejaa juu na kupungua kadiri zinavyoshuka, jambo linaloelekea kwenye psudolimfoma, au kama zimejaa chini na kuenea kwenye mafuta, jambo linaloongeza wasiwasi. Koleo lisibane kipande, kwani limfosaiti zilizobanwa hupondeka na kuvutika kama uzi, na hapo hakuna mtaalamu duniani anayeweza kuzisoma. Sampuli iliyopondeka hawaisomi kwa kujilazimisha. Huandika kwamba haifai, wakaeleza sababu, wakaomba nyingine. Nimepokea jibu la namna hiyo na nililiheshimu kuliko ambavyo ningeliheshimu jibu la kukisia.

Katika usomaji wenyewe, ripoti zao hupita hatua kwa hatua na kumwonyesha daktari walivyofikia uamuzi. Mkusanyiko ukiwa na seli B nyingi (limfosaiti za kundi linalotengeneza kingamwili), hutazama kama vituo vya kuzalishia seli vina umbo la kawaida, kama vina makrofaji zinazokula mabaki ya seli, na kama kasi ya kugawanyika kwa seli, inayoonyeshwa na rangi ya Ki-67, ni kubwa ndani ya vituo hivyo kama inavyotarajiwa katika mwitiko usio wa saratani. Hulinganisha seli zenye mnyororo wa kapa na zile zenye lamda (aina mbili za kipande cha kingamwili, na kila seli B hubeba moja tu), kwa sababu mchanganyiko wa aina zote mbili unaashiria mwitiko wa kawaida, na aina moja ikitawala kupita kiasi inaashiria uzao wa seli moja. Nimewapenda zaidi kwa uangalifu wao kuhusu rangi ya BCL2, protini inayozuia seli kufa. Ripoti nyingi nilizowahi kuzisoma kutoka kwingine huchukua kukosekana kwa BCL2 ndani ya vituo kuwa uthibitisho kwamba hakuna saratani, lakini limfoma ya vituo vya folikuli inayoanzia kwenye ngozi mara nyingi huwa haina BCL2 au huwa nayo kidogo, tofauti na ile inayoanzia kwenye tezi. Jopo hili halijawahi kunipa jibu lililoegemea rangi hiyo peke yake.

Mkusanyiko ukiwa wa seli T, kundi jingine la limfosaiti, kazi huwa ngumu zaidi. Hutazama kama limfosaiti zimepanda hadi kwenye tabaka la juu la ngozi bila uvimbe wa maji unaolingana na wingi wake, kama zimejipanga kwenye mstari wa chini wa tabaka hilo, na kama zimepoteza alama zinazopaswa kuwepo. Hutumia vizingiti vilivyochapishwa mwaka 2005 kwa ajili ya kutambua mikosisi fungoidesi ya mwanzo: alama za juu ya seli ziitwazo CD2, CD3 au CD5 kuwepo kwenye chini ya asilimia 50 ya seli T, na CD7 kwenye chini ya asilimia 10. Mfumo huo wa 2005 hutoa alama hadi 2 kwa mwonekano wa mgonjwa, hadi 2 kwa slaidi, 1 kwa rangi za kingamwili na 1 kwa kipimo cha kloni (nitakieleza baadaye), na hutaka jumla ya alama 4. Ukiutazama vizuri utaona kwamba maabara peke yake, bila mgonjwa, inaweza kufika 4 pale tu ambapo kila kitu kimejitokeza kwa ukamilifu, na hali hiyo hutokea mara chache katika siku za mwanzo za ugonjwa. Seli kubwa zenye CD30 nazo huwatia watu hofu. Ripoti za huduma hii hukumbusha kwamba seli hizo zikitawanyika mojamoja zinaweza kuonekana katika vinundu vya utitiri, kuumwa na wadudu, virusi vya ngozi na mizio ya dawa, na kwamba hata ugonjwa wa limfomatoidi papulosisi, uliopewa jina hilo na daktari Macaulay mwaka 1968, hufanana na saratani kali kwenye hadubini huku vipele vyake vikipona vyenyewe, ingawa wenye ugonjwa huo huhitaji kufuatiliwa maisha yao yote kwa kuwa sehemu yao hupata limfoma.

Sasa nifike kwenye kipimo cha kloni, ambacho ndicho kinachoombwa kwa shauku kubwa na kueleweka vibaya kuliko vyote. Kipimo hiki hutazama vinasaba vya vipokezi vya limfosaiti ili kujua kama seli nyingi zilizokusanyika zimetoka kwa mzazi mmoja. Mbinu zake zilisawazishwa kimataifa na utaratibu wa BIOMED-2 uliochapishwa mwaka 2003, na huduma hii hufuata utaratibu huo, hurudia kila kipimo mara mbili kutoka sampuli ileile, na huandika kama kilele cha kloni kimejirudia. Kurudia ni lazima, kwa sababu kipande chenye limfosaiti chache kinaweza kutoa kilele cha bahati, ambacho ukirudia kipimo hutakiona tena au utaona kingine cha ukubwa tofauti. Jambo zito zaidi ni kwamba kloni ya kweli haimaanishi saratani. Inaonekana katika baadhi ya psudolimfoma zinazotokana na dawa, katika pitiriasisi likenoidesi, mara nyingine katika likeni planasi (yote mawili magonjwa ya ngozi yasiyo saratani), na kwa watu wazee hata kwenye damu ya mtu asiyeumwa. Kukosekana kwake nako hakukanushi limfoma, kwani katika mikosisi fungoidesi ya mwanzo seli za saratani zinaweza kuwa chache mno kati ya umati wa seli za kawaida.

Niliwahi kuwapelekea sampuli ya mgonjwa mwenye vinundu usoni na shingoni aliyekuwa ameanza dawa mpya ya shinikizo la damu. Kloni ilionekana. Ripoti haikuandika limfoma. Iliandika kwamba kloni ipo, kwamba mpangilio wa seli na mchanganyiko wake unaelekea zaidi kwenye mwitiko wa dawa, na ikapendekeza dawa ibadilishwe na daktari wa moyo, mgonjwa atazamwe upya baada ya wiki kadhaa, na sampuli nyingine ikatwe mahali tofauti endapo vinundu vingebaki, ili kloni mbili zilinganishwe. Pendekezo hilo la mwisho ni la kitaalamu kabisa, kwa sababu kloni ileile ikipatikana sehemu mbili tofauti za mwili, au katika nyakati mbili zilizoachana, ina uzito mkubwa zaidi kuliko kloni iliyoonekana mara moja. Sampuli ya pili haikuhitajika. Vinundu viliisha, na hadi sasa havijarudi.

Wanastahili sifa pia kwa namna wanavyoshughulikia eneo la katikati, ambalo wagonjwa hawaelezwi ipasavyo. Mipaka kati ya saratani na isiyo saratani kwenye ngozi imesogezwa na wataalamu wenyewe. Kinundu kimoja cha seli T ndogo na za wastani zenye CD4, ambacho kwa kawaida hutokea kichwani au shingoni, kiliitwa limfoma hadi marekebisho ya uainishaji wa Shirika la Afya Duniani ya 2016 yalipolishusha jina hilo na kukiita tatizo la kuongezeka kwa limfosaiti, kwa kuwa wagonjwa wake huwa salama hata baada ya kinundu kukatwa tu. Mwaka 2022 uainishaji wa makubaliano ya kimataifa uliifanyia hivyohivyo limfoma ya ukanda wa pembezoni (aina ya limfoma ya seli B) inayoanzia kwenye ngozi, ilhali uainishaji wa Shirika la Afya Duniani umeendelea kuiita limfoma. Mgonjwa mmoja, kwa slaidi ileile, anaweza hivyo kuwa na saratani katika karatasi moja na asiwe nayo katika nyingine. Jopo hili huandika majina yote mawili, likaeleza tofauti yake, na likaongeza sentensi moja kuhusu mwenendo unaotarajiwa wa ugonjwa. Sentensi hiyo moja imeniokolea mazungumzo mengi ya machozi.

Malalamiko yangu ya kwanza yanahusu mpangilio wa majibu. Kipimo cha kloni kina njia yake na hukamilika kwa siku zake, na mfumo wao wa kompyuta hulitoa jibu lake peke yake kabla ya ripoti ya pamoja. Mgonjwa mwenye ruhusa ya kusoma majibu yake hukutana na maneno “kloni imeonekana” bila maelezo yoyote, akayatafuta mwenyewe, akaamini kwamba ana saratani. Hilo ni kosa la utaratibu, na linaumiza watu ambao huduma imeundwa kuwatuliza. Jibu la kloni halina maana nje ya ripoti kamili, na halipaswi kumfikia mtu yeyote kabla yake.

La pili ni fomu hiyo ninayoisifu. Inaelezea ngozi kwa lugha ya wekundu, wakati kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa limfosaiti huonekana kahawia iliyokolea, kijivu au zambarau, na mikosisi fungoidesi inaweza kujitokeza kama mabaka meupeupe yanayodhaniwa kuwa ukoma, pitiriasisi alba au fangasi. Aina hiyo ya mabaka meupe hupatikana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, wakiwemo watoto, na mara nyingi seli zake ni za CD8, hivyo daktari anayejaza fomu anahitaji kisanduku chake. Kwa sasa naandika pembeni kwa mkono, na sina uhakika kama kila msomaji wa jopo hukiona nilichokiandika.

Muda wa kusubiri si mfupi, ila sitaulalamikia, kwani rangi za ziada na kurudia kipimo havifanyiki kwa siku moja, na ugonjwa wa aina hii kwa kawaida hauendi mbio. Mgonjwa mwenye homa, tezi zilizovimba, kukonda au vidonda vinavyopanuka haraka asipelekwe kwenye foleni hii. Huyo anahitaji kulazwa na kuchunguzwa mwili mzima sasa hivi. Huduma hii inamfaa mwenye kinundu au mabaka yaliyotulia, mwenye ripoti ya kwanza yenye mashaka, na mwenye daktari atakayeendelea kumwona baada ya jibu kutoka. Bila ufuatiliaji huo hata ripoti bora hupoteza thamani yake, kwa sababu psudolimfoma huthibitishwa pia na kutoweka kwake baada ya kiini kuondolewa, na yapo mabaka machache yaliyoitwa ya kawaida ambayo miaka baadaye yalijidhihirisha kuwa limfoma.

Kwa madaktari watakaoamua kuitumia, nina pendekezo moja la vitendo. Kwenye barua ya maombi andikeni kwa uwazi kwamba jibu la kloni lizuiliwe hadi ripoti ya pamoja iwe tayari, na kwamba ripoti hiyo ipitie kwenu kabla ya kumfikia mgonjwa. Ombi hilo nimekuwa nikiliandika, na wameliheshimu kila mara.